Jina Langu Lilicheza Ligi Nzima, Mimi Niko Kitandani

Nilishinda mchezo wa bowling nikiwa nimelazwa hospitali.

Sitanii. Mume wangu alinipigia simu ya video kutoka ukumbini, akageuza kamera, nikaliona jina langu kwenye skrini kubwa. Mbele yake pointi mia na sabini na moja. Watu wanapiga makofi, wanalishangilia jina langu.

Na mimi niko wodini, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, muuguzi ananilisha kwa kijiko.

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Ningejua kilichokuwa kinakuja, nisingecheka hata kidogo.

Ngoja niwaelezeni taratibu, maana nikianza na hasira hamtanielewa.

Mume wangu ana karakana ya makochi. Yeye anaunda mbao. Shemeji yangu, mdogo wake, anafunga sponji. Wifi yangu, dada yake, anapokea wateja na kuwabembeleza wasubiri wiki nyingine.

Mimi ndiye mkataji. Kitambaa cha bei mbaya, ngozi halisi, chochote kile, mkasi wa kwanza ni wangu. Unachora chaki, unashusha pumzi, unakata. Ukikosea umeua kochi la mtu. Sikuwa nakosea, na hilo nalisema bila kujidai.

Sasa, mtaa wa pili ulifunguliwa ukumbi wa bowling. Wakaanzisha ligi ya sehemu za kazi, wachezaji wanne kwa kila timu. Watu wa benki wakaunda timu. Gereji wakaunda. Kliniki ya mifupa iliyo ng'ambo ya barabara, nao wakaunda.

Na sisi wa makochi tukaunda. Wanne kamili, ukoo mmoja. Mume wangu akajipa unahodha, na kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukamwita Kapteni. Jamani, alilipenda jina hilo! Ukimwita kwa jina lake, hasikii.

Kwa asiyeujua mchezo huu, si mgumu kuuelewa.

Kuna njia ndefu ya mbao inayong'aa. Mwisho wake zimesimama pini kumi, zimepangwa pembetatu. Una tufe zito lenye matundu matatu ya vidole. Unalibingirisha, pini zianguke.

Zikianguka zote kwa tufe la kwanza, hiyo ni straiki. Zikibaki kadhaa, unapewa tufe la pili. Ukizimaliza, hiyo ni spea. Pembeni mwa njia kuna mitaro, kulia na kushoto. Tufe likiingia humo, umepata sifuri, na unarudi kwenye kiti unajifanya unafunga kamba za viatu.

Raundi kumi ndiyo mchezo mmoja. Utamu ni kwamba ukipiga straiki, pini za matufe mawili yanayofuata zinaongezwa juu yake. Kwa hiyo anayefululiza straiki, pointi zake zinapaa. Anayefululiza mitaro, kila mtu anakuwa kocha wake.

Mimi nilikuwa na mkono. Siku moja nikapiga straiki tatu mfululizo, ambazo wachezaji wanaziita bata mzinga. Shemeji akaruka juu ya kiti.

"Mzinga! Shemeji yangu ni Mzinga!"

Wakaliandika hilo kwenye skrini. Nikawa Mzinga.

Lakini nilikuwa sitabiriki. Leo napiga mia mbili na ishirini, watu wananinunulia soda. Wiki ijayo mia na ishirini, na soda najinunulia mwenyewe. Ukichukua michezo yangu yote ukaigawanya, wastani ulikuwa mia na sabini na moja.

Ishikeni namba hiyo. Ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Nilivunjika kwa ujinga wangu mwenyewe. Simsingizii mtu.

Mwanzo wa njia kuna mstari mweusi, unaitwa mstari wa faulo. Ukiukanyaga wakati wa kurusha, kengele inalia, na hata ukiangusha pini zote kumi huhesabiwi kitu. Watu hudhani mstari ule ni ukorofi tu. Kumbe baada yake njia imepakwa mafuta, ili tufe liteleze. Mguu nao ukifika huko, unateleza.

Viatu vya mchezo vina soli laini. Hatua ya mwisho unateleza kidogo, kwa makusudi, halafu unaachia tufe. Ndiyo maana hutakiwi kutoka navyo nje.

Mimi nilikwenda navyo msalani.

Sakafu ya kule ilikuwa imeloa. Nikarudi, zamu yangu imefika, Kapteni ananihimiza, "Fanya haraka, mke wangu, tunasubiriwa." Nikabeba tufe, nikakimbia hatua zangu.

Soli kavu inateleza. Soli iliyoloa inanata. Mguu ukagoma, mwili ukaendelea na safari.

Nilivuka mstari kwa kifua. Nikaangukia mkono wa kulia juu ya mafuta, na tufe likanifuata. Nilisikia kifundo cha mkono kinalia. Kengele ya faulo nayo ikalia. Mtu mmoja nyuma akacheka, akidhani ni vituko.

Aliyenikimbilia wa kwanza si mume wangu. Ni daktari wa mazoezi wa ile kliniki ya mifupa, alikuwa anacheza njia ya pili. Akapiga magoti kwenye mafuta na suruali yake nyeupe, akaushika mkono wangu kama yai.

"Usiangalie, dada. Niangalie mimi."

Nikapasuliwa. Wakaweka chuma na skrubu. Ndipo ikaja ile simu ya video niliyowaambia.

Ligi ile ilikuwa na kanuni moja. Mchezaji akiumwa, timu yake haiadhibiwi. Kila mchezo anahesabiwa wastani wake, kana kwamba amecheza, mpaka atakapopona. Kapteni wa timu anatoa neno lake kwamba mtu wao bado hawezi, basi imetosha.

Kanuni ya huruma kabisa. Sina ugomvi nayo.

"Unaona mke wangu?" Kapteni akaniambia kwenye simu. "Nafasi yako haiguswi na mtu. Wewe pona tu."

Nikalia. Nililia kwa furaha, mimi mjinga.

Nilipotoka hospitali, niliwekwa kama malkia. Kapteni alinichotea maji ya kuoga. Alinimenyea machungwa. Nikishika ufagio kwa mkono wa kushoto, ananinyang'anya.

"Unataka uharibu kazi ya daktari?"

Majirani wakaniambia nina bahati. Mwanamke wa nyumba ya nyuma alimwita mumewe dirishani aje aone mwanaume mwenzake anavyoanika nguo za mkewe. Yule baba wa watu aliangalia, akafunga pazia.

Na kila wiki, baada ya mchezo, wanarudi na furaha. Tulikuwa nafasi ya tano nilipoanguka. Tukawa wa nne. Tukawa wa tatu.

Wifi akaja na matunda siku moja, akakaa pembeni ya kitanda, akanipiga paja kwa utani.

"Wifi yangu, wewe unatufaa zaidi ukiwa umelala. Mia na sabini na moja kila mchezo, hupungui hata pointi. Ukiwepo, unatupandisha presha."

Tukacheka wote. Nilicheka kuliko yeye.

Plasta ikatolewa. Mkono ulikuwa mwembamba, umesinyaa, hauna rangi. Yule daktari wa mazoezi akanikalisha kwenye chumba chake, akanishika kiganja.

"Geuza juu, kama unapokea chenji."

Kikageuka nusu. Niliuma meno.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa nisikilize, dada. Kazi ya daktari wa upasuaji imekwisha, iliyobaki ni yako na yangu. Utakuja hapa mara mbili kwa wiki. Itauma, utanichukia, lakini usikose. Kiungo kisipogeuzwa sasa kinaganda, na kikiganda hatutakuwa na la kufanya. Ukifuata ninavyosema, mkasi utashika. Hata tufe utalirusha kabla ligi haijaisha."

Nilimwona Kapteni anabadilika uso. Nikadhani ni huruma.

Tulikwenda mara mbili. Ya tatu, ananisubirisha sebuleni nimeshavaa, anaingia na simu mkononi.

"Daktari amepiga. Amesema picha inaonyesha mfupa haujakaza vizuri. Tusimamishe mazoezi kwanza, mkono upumzike."

"Mbona hakusema vile juzi?"

"Sasa mimi ndiye daktari? Namba waliyonayo ni yangu, nimepigiwa, nakuambia. Au unataka ukavunjike tena?"

Alisema kwa upole. Akanivua viatu mwenyewe.

Wiki zikaenda. Nikimuuliza, jibu ni hilohilo. "Bado, mke wangu. Amesema bado." Nikitaka kwenda karakana kukaa tu na wenzangu, anakataa. "Kuna vumbi kule. Halafu nakujua, ukiona mkasi hutavumilia." Akaajiri mkataji wa muda, kijana wa watu aliyekata ngozi mbili vibaya mpaka wifi akanipigia simu analia.

Mimi nyumbani. Mkono mapajani. Asubuhi nikiamka kidole gumba hakifiki kwenye kidole cha mwisho. Nikajiambia, si ameambiwa upumzike? Umepumzika.

Hapo nafasi ya pili. Halafu nusu fainali. Halafu siku moja Kapteni akaingia anaimba, akaninyanyua juu.

"Fainali, mke wangu! Tumeingia fainali!"

"Na nani?"

"Kliniki."

Nikafurahi, tena sana. Nikajisemea, hata kama sichezi, lazima niwepo, niwashangilie watu wangu. Sikumwambia. Nilitaka kumshtua kwa uzuri.

Jumamosi mchana, wao wakatangulia. Mimi nikavaa fulana ya timu, ile yenye jina la karakana mgongoni. Kuivaa kwa mkono mmoja na nusu nilitoka jasho. Nikapaka wanja, nikachukua teksi.

Ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Kwenye skrini naliona jina langu, la nne kwenye orodha yetu. Mchezo wa kwanza kati ya miwili ulikuwa umekwisha, na sisi tunaongoza. Mbele ya Mzinga, mia na sabini na moja.

Nikapenya mpaka kwenye viti vyetu, nikamziba Kapteni macho kwa nyuma na kiganja cha kushoto.

Akageuka anacheka. Aliponiona, kicheko kikakatika.

"Umefuata nini hapa?"

Hakuniuliza nimefikaje. Hakuniuliza mkono unaendeleaje. Macho yake yalikuwa yanatafuta kama kuna mtu ameniona.

"Nimekuja kuwashangilia," nikasema.

"Rudi nyumbani. Sasa hivi. Pitia mlango wa nyuma."

"Kapteni, mimi ni mkeo au mwizi?"

Wifi akanishika bega, ananisukuma kwa tabasamu. "Wifi, tafadhali. Tutakueleza nyumbani. Wasikuone umesimama."

Wasinione nimesimama? Nikamwangalia shemeji. Shemeji, aliyeniita Mzinga akiwa juu ya kiti, akaangalia chini, anachezea kifuniko cha soda.

Nilikuwa bado najaribu kuelewa, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Dada! Umerudi lini kutoka kwa dada yako?"

Yule daktari wa mazoezi. Kavaa fulana ya kliniki, ana tufe mkononi, uso umejaa furaha.

"Dada yangu yupi?"

"Si ulihamia kwa dada yako, ukawa unaendelea na mazoezi hospitali ya huko? Mumeo alinipigia. Kila tukikutana hapa namuuliza habari zako, ananiambia unaendelea vizuri."

Mimi sina dada. Nina kaka mmoja tu, na anakaa mitaa mitatu kutoka hapo.

"Wewe hukusema nipumzike?" nikamuuliza. "Hukusema mfupa haujakaza?"

"Nani? Mimi?"

Akaliweka tufe chini. Akanishika kiganja, palepale katikati ya kelele.

"Geuza juu, kama unapokea chenji."

Nikageuza. Hakikugeuka. Nikajaribu tena, bega zima likageuka, kiganja kikabaki kinaangalia sakafu.

Daktari akakiachia taratibu. Kisha akamwangalia mume wangu, na mume wangu akaangalia skrini.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelezwa na mtu.

Mimi mzima, nilikuwa mia na ishirini au mia mbili na ishirini, Mungu ndiye anajua. Na nikitoka kwenye plasta, mkono bado dhaifu, ningepiga hata themanini. Lakini Mzinga mgonjwa hakuwa anakosea. Hakuwa anaingia mtaroni, wala kuchoka, wala kukanyaga mstari. Siku ambayo ningepona, ndiyo siku ambayo wangempoteza.

Kwa hiyo hawakutaka nipone. Si kwamba walinitakia mabaya, hapana. Walitaka nichelewe kidogo tu, mpaka kombe lipatikane.

Na kombe lenyewe lilikuwa pale mezani. La plastiki, limepakwa rangi ya dhahabu, halitoshi hata kuwekea vijiko.

Katibu wa ligi akafika. Mzee mmoja mwalimu wa michezo mstaafu, tunamwita Mzee Filimbi kwa sababu haivui shingoni. Alikuwa ameshaniona.

"Binti yangu, karibu, pole na kuumwa. Ila hapa tuna jambo. Kanuni inamhesabia wastani mgonjwa asiyeweza kucheza. Wewe nakuona na fulana. Nahodha wako ametuambia bado huwezi. Nataka nisikie kwako mwenyewe. Wewe ni mgonjwa au umepona?"

Watu wa njia za jirani wakaweka matufe chini, wakageuka kutusikiliza.

Kapteni akaniinamia sikioni. "Sema mgonjwa. Mke wangu, mchezo mmoja tu umebaki. Sema mgonjwa, twende nyumbani na kombe, halafu nitakupeleka kwa daktari yeyote unayemtaka duniani."

Na ingekuwa kweli, sivyo? Nilikuwa mgonjwa kuliko siku niliyovunjika. Neno moja tu, mia na sabini na moja zinaingia, wanashinda.

Nikamwangalia yule mwanaume aliyeanika nguo zangu mbele ya majirani.

"Nimepona, mzee," nikasema. "Nipeni viatu."

Wifi akashika kichwa.

Zamu yangu ikafika. Nikaingiza vidole vya mkono wa kulia kwenye tufe. Daktari kutoka upande wao akaita, "Dada, usifanye hivyo, utajiumiza." Sikumsikia. Yaani nilimsikia, ila sikutaka. Nilitaka nijue nimebakiwa na nini.

Tufe lilikaa mkononi kama la mtu mwingine. Nikatembea hatua zangu. Nilipofika kwenye mstari nikasimama kabla yake, nikanyoosha mkono, nikaamuru kiganja kigeuke.

Kikakataa.

Tufe likadondoka, tuu! Likabingirika polepole, likakata kona, likaingia mtaroni. Likachukua muda mrefu sana kufika mwisho. Pini zote kumi zikabaki zimesimama.

Nilicheza raundi zote. Nilitumia mikono miwili, nikasukuma kama mtoto. Kila mara nikirudi kwenye kiti, wenzangu wanasogea. Nilipata thelathini na nane.

Kliniki wakashinda. Hawakushangilia. Yule daktari alipewa kombe, akaliweka chini ya kiti.

Na mume wangu alilia. Mbele ya watu wote, Kapteni alilia machozi. Tangu nivunjike pale kwenye mafuta, sikuwahi kuliona chozi lake.

Tukapanda gari, tukaenda mpaka kwenye taa za barabarani. Ndipo Kapteni akasema, taratibu, kama mtu aliyedhulumiwa:

"Mchezo mmoja tu. Ulishindwa kunivumilia mchezo mmoja."

"Na mkono wangu?"

"Mkono si ungesubiri fainali ipite?"

Nikafungua mlango pale pale kwenye taa nyekundu, nikashuka. Nikatembea mpaka kwa kaka yangu nimevaa viatu vya bowling. Wifi yangu wa kule, mke wa kaka, aliponiona hakuuliza swali. Alinitandikia tu.

Jumatatu nikaenda kliniki kwa miguu yangu. Daktari wa mazoezi alijitahidi, masikini. Tulianza upya, nikapiga kelele mpaka watu wa foleni wakahama. Kiganja kikafunguka kidogo, kikakomea hapo. Akaniambia ukweli kwa sababu niliuomba: kitashika chakula, kitafunga vifungo, lakini mkasi mzito wa ngozi, hapana.

"Ungekuja zile wiki za mwanzo," akaanza, halafu akaacha.

Hivyo ndivyo nilivyopoteza kazi niliyoifanya tangu nikiwa msichana. Natumia mkono wa kushoto sasa, nakata mapazia ya mistari iliyonyooka. Mstari ukipinda, namwita mtu.

Sasa subirini, hamjasikia la mwisho.

Muda ukapita, siku moja mlango unagongwa kwa kaka. Kapteni na dada yake. Amekonda, ndevu hazijanyolewa, ameshika kofia mkononi. Akapiga magoti sebuleni. Mwanaume mzima, magoti chini, mbele ya kaka yangu na mkewe.

"Nimekukosea," akasema. "Nilipofuka. Sina usingizi, sina hamu ya kula. Nyumba bila wewe si nyumba. Nisamehe, mke wangu."

Jamani, mimi si jiwe. Miaka yote ile, kitanda kimoja, sufuria moja. Nilihisi moyo unalainika, na nilijichukia kwa hilo. Kaka akatoka nje kutuachia nafasi. Nikaenda jikoni, nikachemsha chai kwa mkono wangu mmoja mzuri, nikamletea kikombe.

Akapokea. Akanywa. Akanishika kile kiganja kibovu, akakibusu. Nikawa nimeshafungua mdomo kumwambia kesho njoo na gari, unichukue.

Wifi akakohoa.

"Kaka," akamwambia, "mwambie na lile jambo."

"Lipi?" nikauliza.

Kapteni akafuta mdomo. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya kwenye ukumbi.

"Kidogo tu, mke wangu. Tumekata rufaa. Kamati ya ligi imesema, ukienda wewe mwenyewe ukatamka kwamba siku ile ulikuwa bado mgonjwa, ulijisemea tu umepona kwa hasira, basi matokeo yatafutwa. Wanakuhesabia wastani wako. Kombe linarudi kwetu." Akaniangalia kwa macho ya upole, yaleyale ya kunimenyea machungwa. "Na safari hii si uongo, mke wangu. Daktari wao mwenyewe atathibitisha. Mkono wako si umeshaharibika kweli?"

Wifi akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeleta habari njema.

Sikupiga kelele. Nilinyoosha mkono wa kushoto, nikachukua kikombe kutoka mikononi mwake, chai ikiwa nusu. Nikaenda nacho jikoni, nikamwaga, nikakiosha, nikakianika. Nikakaa kulekule mpaka niliposikia mlango wa mbele unafungwa.

Dada zangu, kaka zangu mnaosoma hapa, sina mengi ya kuwafundisha. Mtu akikubeba ukiwa mgonjwa, mshukuru. Lakini siku ukisimama, usiangalie mikono yake, mwangalie usoni. Kama hajafurahi kukuona umesimama, ondoka siku hiyohiyo, wakati viungo vyako bado vinageuka.

Mimi nilichelewa.